Kisima cha Watu Wanne

Kijana, kabla hujaendelea kusoma, panua kiganja chako juu ya meza. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ni shibiri moja. Yangu ina sentimita ishirini na moja. Yako sijui ni ngapi, na nina wasiwasi kwamba hata wewe hujui. Usione haya. Mimi nilikuwa na cheti cha shule sandukuni na mkanda wa chuma begani, na bado nilikaribia kuwanyang'anya watu kisima chao kwa sababu sikujua binadamu ana urefu gani anaponyoosha mikono juu.

Naitwa Omari. Nilizaliwa Busi, kwenye vilima vya Kondoa, kwetu sisi Warangi, na kazi ya kupima nimeiacha mwaka huu nikiwa na miaka arobaini na sita. Uzee bado. Goti la kushoto ndilo lililostaafu, nami nikalazimika kulifuata. Nimepanga chumba hapa Makole, mjini Dodoma, na kila garimoshi likipiga honi naangalia viatu vyangu viko wapi. Mtu aliyezoea kulala kila wiki mahali pengine hatulii kwa kupewa kitanda. Basi badala ya kutembea ninaandika, na ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya mkanda, vigingi na daftari.

Siku hizi mnafundishwa futi. Najua, nami nilifundishwa upya Waingereza walipokuja. Inchi kumi na mbili zinafanya futi, futi tatu zinafanya yadi, na yadi elfu moja mia saba na sitini zinafanya maili. Mwalimu wangu wa kazi, Fundi Mbaraka, aliposomewa hesabu hiyo kwa mara ya kwanza aliuliza kwa upole kama aliyeitunga alikuwa na homa. Bwana mmoja kijana, mgeni kutoka Uingereza, alinituma siku moja nipime upana wa reli hapa Dodoma. Nikamletea futi tatu, inchi tatu na vipande vitatu vya nane. Akanirudisha, akidhani nimekosea, maana nani atajenga reli ya upana wa ajabu namna hiyo? Nikapima tena, nikaleta jibu lile lile. Ndipo nikamwambia, "Bwana, hii ni mita moja. Waliojenga hawakuijua futi." Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Reli hiyo mnayoipanda kwenda Tabora ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, na itabaki hivyo hata ukiipima kwa futi za nani.

Nimesema Fundi Mbaraka alikuwa mwalimu wangu. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, hodari wa kazi, mwembamba, na ndiye aliyekuwa mkuu wetu sisi wabeba mkanda wakati Wajerumani walipokuwa wakiileta reli huku bara. Mimi nilitoka shule ya serikali pwani na kichwa kimejaa. Tulikaririshwa shuleni kwamba mkono mmoja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni sentimita arobaini na sita. Pima moja, mikono yote miwili ikiwa imetandazwa, ni mita moja na sentimita themanini na tatu. Kibaba ni kama robo tatu ya lita, frasila ni kilo kumi na sita. Siku ya kwanza kambini nilimsomea Fundi orodha yote bila kupumua, nikingoja sifa.

Aliweka mkono wake juu ya kasha, akaniambia niweke wangu ubavuni. Akachukua fimbo ya mita, akapima. Wake ulikuwa arobaini na tisa, wangu arobaini na tatu.

"Sasa hiyo arobaini na sita ya shuleni," aliniuliza, "ni mkono wa nani?"

Nikautazama mkono wangu, kisha wake.

"Ni mkono wa mtu ambaye hayupo hapa. Ukimkuta siku moja, nisalimie."

Kwa wiki nzima hakuniruhusu kugusa mkanda. Nilijipima mwenyewe, nikaandika ukurasa wa kwanza wa daftari: kidole, shibiri, mkono, hatua, kimo. Kimo changu mita moja na sentimita sitini na mbili. Hatua yangu sentimita sabini nikiwa nimeshiba, sitini na saba nikiwa na njaa. Fanyeni hivyo hivyo. Mkanda unaweza kusahaulika kambini, lakini hakuna aliyewahi kusahau kiwiko chake.

Mambo mengine aliyonifundisha nitayataja haraka haraka, kwa sababu yanafaa hata kwa futi. Kwenye mteremko usilaze mkanda chini ukafuata ardhi. Uushike ukiwa umelala sawa hewani, ushuke kwa vipande vifupi, la sivyo kilima kitakuibia mita. Mkanda wa mita ishirini ukiachwa kwenye jua la Ugogo saa saba mchana hurefuka milimita nne au tano. Ni kidogo, lakini ukiunyoosha mara mia mbili kwa siku umepoteza karibu mita nzima bila kujua imekwenda wapi. Kwa hiyo pima asubuhi. Na ukimaliza kuhesabu, sema namba kwa sauti, mwenzako airudie, ndipo iandikwe.

Kuhusu mita yenyewe, wachungaji wa Kigogo waliokuja kufanya kazi ya vibarua waliielewa kuliko mimi. Fundi aliwaambia kila kitu kinakwenda kwa kumi. Milimita kumi ziingie zizi moja, hilo ni sentimita. Mazizi mia moja ya namna hiyo yatoshe kijiji, hicho ni mita. Vijiji elfu moja ni kilomita. Mmoja wao, ambaye hakuwahi kushika kalamu, aliniuliza kwa nini sisi wa shuleni tunakunja uso kwa jambo dogo kama hilo. Nilikuwa nikikunja uso kwa sababu ya ile nukta, ambayo ilinihama kila mara kama kiroboto. Nilipoanza kuhesabu mazizi nami, ikatulia.

Sasa nije kwenye kisima.

Mkuu wa upimaji wa kipande chetu cha njia alikuwa Mjerumani tuliyemwita Bwana Kamili. Kiswahili chake kilitosha, ila neno alilolipenda lilikuwa hilo moja. Ukimsomea kipimo aliinua kalamu, akakutazama, akauliza, "Kamili?" Ukijibu kamili, aliandika. Ukisitasita, alikurudisha ukapime upya, hata kama ni kilomita tatu nyuma. Hakuwa mtu wa kelele. Lakini kambini kiboko kilikuwapo, na wapo waliochapwa kwa makosa madogo kuliko hili nitakalowasimulia. Sitaki mdhani siku zile zilikuwa asali.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na njia ilikuwa imefika upande wa Chamwino, mwendo wa siku moja kabla ya Dodoma. Kambi ilikuwa na watu wengi na maji hayakutosha. Bwana Kamili alikuwa ameagiza pampu ya mvuke, chombo kizito chenye magurudumu na jiko lake. Alitueleza jambo moja ambalo nawaomba mlishike: pampu ya namna ile huyavuta maji kwa kuyanyonya, nayo ikikaa juu ya ardhi haiwezi kuyainua kutoka zaidi ya mita saba chini. Yakiwa chini zaidi, itapiga kelele mchana kutwa na kutoa upepo. Akanituma nikatazame kisima cha kijiji kilicho jirani, nimletee kina chake.

Kisima kile kilikuwa mikononi mwa Mama Sechelela. Marehemu mumewe na ndugu zake ndio waliokichimba, na tangu alipobaki mjane yeye ndiye aliyepanga zamu: ng'ombe wa nani wanywe kwanza, nani asubiri, nani arudi kesho. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, na sauti yake haikupanda kamwe, kwa sababu haikuhitaji.

Nilifika saa sita mchana, kisima kikiwa kimepumzika na mdomo wake umefunikwa matawi ya miiba ili ndama wasitumbukie. Nikasalimu kwa Kigogo changu cha kubabaisha, "Mbukwenyi." Wakajibu, wakacheka lafudhi yangu, wakaniambia Mrangi akisema Kigogo ni kama mbuzi anayekohoa. Utani huo tumeuzoea. Nikauliza kisima kina urefu gani kwenda chini. Mama Sechelela akajibu mara moja kwamba ni kisima cha watu wanne.

Hapa nisimame kidogo. Kwetu Busi maji yanatoka mwambani. Mtu anainama, anakunywa, anapangusa mdomo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona binadamu akishuka ardhini kutafuta maji. Kwa hiyo niliposikia watu wanne, picha iliyonijia ni ya watu wanne wamesimama mmoja juu ya utosi wa mwenzake. Nikawasimamisha wanaume wanne waliokuwa pale kivulini, nikawapima kwa fimbo ya mita kutoka utosi hadi kisigino, nikagawanya. Kimo chao cha wastani kilikuwa mita moja na sentimita sitini na nane. Mara nne: mita sita na sentimita sabini na mbili.

Mama Sechelela alikuwa akinitazama. Aliuliza kwa nini napima wanaume wakati kisima chenyewe kiko pale. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo hesabu, mama, na hesabu ina njia zake. Ukweli ni kwamba jua lilikuwa kali, mkanda nilikuwa nimeuacha kambini, na ile miiba sikutaka kuigusa. Ningeweza kufunga jiwe kwenye kamba nikaliteremsha. Sikulifunga.

Jioni nikamsomea Bwana Kamili: sita nukta saba mbili.

"Kamili?"

"Kamili, Bwana."

Akaandika. Hazikufika mita saba, kwa hiyo pampu itavuta. Kesho yake amri ikapelekwa kijijini: baada ya siku kumi pampu itawasili, na tangu siku hiyo kisima ni cha reli mpaka mvua zinyeshe. Wenyeji wakanyweshe mifugo kwenye bwawa la upande wa pili, mwendo wa nusu siku kwenda na nusu siku kurudi.

Asubuhi iliyofuata Mama Sechelela alikuja kambini na wanawake wawili. Hawakupiga kelele. Walikaa chini karibu na hema letu wakangoja nimalize kunywa uji, na uji ule ulinishinda. Aliniambia ng'ombe wakubwa watafika bwawani, pengine watarudi. Ndama hawatafika. Wazee wawili wa pale kijijini hawatafika, na yeye hawezi kumwacha mmoja wao bila maji, kwa sababu ni mama mkwe wake.

"Mrangi," alisema, "ulipima watu ukanichukulia maji. Njoo kesho alfajiri uwaone hao watu wanne wakifanya kazi. Halafu uniambie namba yako inasema nini."

Nilikwenda. Fundi Mbaraka akanifuata bila kuulizwa, mkanda begani.

Miiba ilikuwa imeondolewa. Ndani ya kisima, kwenye ukuta wa udongo mgumu, vilikuwa vimechongwa vidato, yaani vijukwaa vya kusimamia, kimoja juu ya kingine. Mwanamume mmoja alisimama chini kabisa, ukingoni mwa maji. Alichota kwa kibuyu, akakiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, kadiri alivyoweza kufika. Pale vidole vyake vilipoishia ndipo nyayo za mtu wa pili zilipoanzia. Wa pili akainama, akakipokea, akajinyoosha mpaka kwenye nyayo za wa tatu. Wa tatu akampa wa nne, na wa nne akakitoa nje, kikamwagwa kwenye hori la udongo ambapo ng'ombe walikuwa wamepanga foleni kwa adabu kuliko vibarua wetu. Waliimba, na wimbo ndio uliowapa mwendo, kibuyu kinapanda kwenye mstari mmoja na kingine kinashuka kwenye mstari unaofuata.

Nilikuwa nimeshaelewa kabla wimbo haujaisha. Mtu wao hakuwa mtu wa utosi hadi kisigino. Alikuwa mtu aliyenyoosha mikono, kutoka nyayo hadi vidole vinavyoshika kibuyu. Nilipima watu wakiwa wamepumzika, na wao walihesabu watu wakiwa kazini.

Fundi Mbaraka aliuteremsha mkanda taratibu, jiwe dogo limefungwa mwisho, mpaka lilipogusa maji. Akasoma kwa sauti: mita nane na sentimita arobaini na sita. Nikarudia kwa sauti. Gawanya kwa nne, kila mtu ana mita mbili na sentimita kumi na moja, na zaidi kidogo.

Wakaniambia nami nishuke nijaribu nafasi ya mtu wa tatu. Nilipoinua kibuyu, vidole vyangu viliishia chini ya nyayo za wa nne, naye alilazimika kujikunja kama anatafuta sindano. Kisima kizima kilicheka, na ndani ya kisima kicheko ni kikubwa. Mama Sechelela akachungulia kutoka juu akasema kisima chake sasa ni cha watu watatu na nusu.

Tulipotoka, nilimwambia Fundi kwamba nimekwisha. Kwa upande mmoja habari ilikuwa njema, maana pampu isingeweza kuvuta na kisima kingebaki na wenyewe. Kwa upande mwingine nilikuwa nimemwambia Bwana Kamili neno kamili kuhusu kitu ambacho sikukipima. Na kulikuwa na la tatu ambalo Fundi aliliona kabla yangu. Bwana Kamili hakuwa mjinga. Akiambiwa pampu kubwa haifiki, ataagiza pampu ndogo ya mkono, ataibomoa ile ngazi yote ya vidato ili apanue kisima na kuishusha ndani. Hapo kijiji kitapoteza kisima moja kwa moja, hata mvua zikija.

"Usiende kwake na machozi," Fundi aliniambia. "Umeharibu kwa hesabu, nenda na hesabu nyingine."

Tukarudi kwa Mama Sechelela. Nikamwomba radhi kwanza, kwa maneno machache, kisha nikamuuliza kama kuna mahali pengine penye maji karibu, hata kama hapajachimbwa. Mimi ndiye niliyemletea balaa, na sasa namwomba anionyeshe maji mengine. Angekataa nisingemlaumu. Akauliza tu kama nitapima kwa kamba safari hii au kwa wanaume. Halafu akatuongoza hadi kwenye korongo la mchanga lililo chini ya kijiji, akatuonyesha kona moja ambapo punda hukwangua kwa kwato kila kiangazi, na mchanga hubaki na ubaridi hata adhuhuri. Alisema marehemu mumewe alitaka kuchimba pale, akahofia mafuriko ya masika yatafukia.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu iliyo bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na ni nyepesi. Tulichukua ubao ulionyooka wa mita nne, tukaweka pima maji juu yake, ile ya waashi yenye kipovu. Tukaanzia mdomoni mwa kisima. Ncha moja ya ubao chini, nyingine tunaiinua mpaka kipovu kitulie katikati, kisha fimbo ya mita inasomwa kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Tunaandika, tunasogea. Mara arobaini na moja, kutoka kisimani hadi kwenye kona ya korongo. Tulipojumlisha, korongo lilikuwa chini kuliko mdomo wa kisima kwa mita tatu na sentimita kumi na mbili. Nane nukta nne sita, toa tatu nukta moja mbili: inabaki tano nukta tatu nne. Kama maji ya ardhini yamelala sawa, korongoni tutayakuta kwenye mita tano na kidogo. Pampu itavuta bila shida.

Nilikwenda kwa Bwana Kamili mchana ule ule. Nikamwambia kipimo cha kwanza sikukipima mimi wala mkanda, nilikikisia kwa vimo vya watu. Nikamwambia kosa lilivyotokea. Nikamsomea nane nukta nne sita, halafu nikamsomea hesabu ya korongo.

Akauliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida, "Kamili?"

"Ya kisima ni kamili, Bwana. Ya korongo ni makisio. Ardhi sijaiona ndani."

Nadhani jibu hilo ndilo lililoniokoa, ingawa wakati ule sikujua. Alipindua kurasa za daftari lake, akakata namba yangu ya zamani kwa mstari mmoja ulionyooka. Akasema zimebaki siku nane pampu ifike. Nichukue watu kumi nikachimbe. Maji yakipatikana kabla ya mita saba, kisima cha kijiji hakitaguswa. Yasipopatikana, vidato vitabomolewa, na mimi nitajibu kosa langu mbele ya askari.

Tulichimba. Mita ya kwanza na ya pili zilikuwa mchanga mtupu uliotaka kutufukia, tukaukingia magogo. Mita ya tatu, changarawe. Ya nne, changarawe bado, imeanza kupoa. Kila jioni nilishusha mkanda mwenyewe na kusema namba kwa sauti, na Mama Sechelela, ambaye alikuwa akija kila siku kukaa ukingoni, aliirudia. Hivyo akajifunza mita. Siku ya tano tulifika tano nukta tatu nne, ile namba yangu nzuri, na tukakuta udongo mfinyanzi mkavu kama kigae.

Vibarua walikaa chini. Mmoja akaniuliza kama maji nayo yamesoma shule ya pwani. Maji ya ardhini hayalali kama maji ya sufuria, na hilo nilijua tangu mwanzo, lakini kulijua ni kitu kimoja na kulitazama ni kingine. Mama Sechelela aliomba bonge la ule mfinyanzi. Akalivunja, akalinusa, akalibana kati ya vidole. Akasema mumewe alipokutana na mfinyanzi wa namna hiyo kule juu alifurahi, kwa sababu ndio kifuniko, na chungu hakifunikwi kikiwa kitupu.

Tukaendelea. Tano na nusu. Sita kamili. Sita nukta mbili. Siku ya saba asubuhi, kwenye sita na nusu, sururu ilipenya na sauti ikabadilika. Aliyekuwa chini alipanda bila kungoja kamba. Maji yaliingia taratibu, ya rangi ya chai ya maziwa, yakapanda, yakapanda tena, yakasimama. Nikashusha mkanda. Mita sita na sentimita tano.

Nilisoma kwa sauti. Hakuna aliyerudia. Nilipogeuka nilimwona Mama Sechelela amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanacheza, na sikuweza kujua kama anacheka au analia. Baadaye akakifunua akasema, "Sita nukta sifuri tano. Mrangi, andika."

Pampu ilifika kesho yake, ikavuta. Kijijini miiba iliondolewa kila alfajiri kama kawaida, na ng'ombe wakapanga foleni yao.

Kiboko sikukipata. Adhabu yangu ilikuwa nyingine: Bwana Kamili aliniamuru niende mbele ya njia, kutoka kijiji hadi kijiji, nipime kila kisima kwa mkanda na kushuka mwenyewe ndani ya kila kimoja. Alidhani ananiadhibu. Alinipa kazi ya maisha. Nilipima visima vya uwanda huu wote, hadi Manyoni na kurudi, hadi Kondoa kwetu, wakati wa Wajerumani kwa mita na wakati wa Waingereza kwa futi. Kila nilikofika niliuliza kwanza watu wa pale wanahesabuje, na nikawaomba wanionyeshe wakiwa wanafanya kazi. Kuna mahali wanahesabu kwa kamba iliyokatwa kwenye ngozi ya ng'ombe mmoja. Kuna mahali mtu wao ni wa kiunoni tu, kwa sababu hupokezana wakiwa wamechuchumaa. Jedwali la kugeuza vipimo ni kitu kizuri, nami nawahimiza mlijue kwa moyo. Ila kabla ya kulifungua, tazama mkono unaopima.

Mwaka jana, kabla goti halijakataa, nilipita Chamwino. Shimo la korongoni lilishafukiwa na mafuriko zamani, kama marehemu alivyohofia. Kisima cha juu kipo. Mama Sechelela amezeeka, shikamoo yangu aliipokea akiwa amekaa, lakini zamu bado anazipanga yeye. Nilimkuta amemweka mtu mfupi kwenye nafasi ya tatu, mfupi kama mimi, na kibuyu kilikuwa kikipita bila mtu wa juu kujikunja. Nikachungulia. Chini ya nyayo zake, juu ya kidato, palikuwa na jiwe la bapa.

Mama akaniambia jiwe hilo liliwekwa siku ile ile niliyoshuka, baada ya mimi kuondoka, endapo ningerudi kuwasaidia. Wanaliita Mrangi. Yeyote asiyefika husimama juu ya Mrangi.

Nilingoja zamu iishe, nikashuka na goti langu bovu, nikatoa fimbo ya mita ya zamani. Kufika kwangu na mikono juu ni mita mbili na sentimita mbili. Kufika kwao ni mbili na kumi na moja. Nikalipima jiwe: sentimita tisa. Mama Sechelela akainama mdomoni mwa kisima, akaniuliza swali la neno moja, lile la Bwana wetu wa zamani.

Nikamjibu kutoka chini kwamba ndiyo, mama, kamili.